Jointa nne zinazokaribiana: tofauti ya bei iko wapi?

Swali: Nataka kununua jointa ya kunyooshea mbao, upana wa inchi 8 hivi. Nimechuja mpaka nimebaki na nne: Jet, Powermatic, Grizzly na Hammer A3-31. Hizo tatu za kwanza, ukiziangalia kwenye picha, tofauti yake ni rangi tu, lakini bei zinapishana mno. Thiknesa, yaani mashine ya kusawazisha unene wa ubao, ninayo tayari, ya inchi 13. Natengeneza milango na meza, tena nafanya kazi peke yangu. Pesa ya ziada inanunua nini hasa, na nichague kwa kigezo gani?

Jibu: Macho yako hayajakudanganya, ndugu. Jet na Powermatic ni za mwenye mali mmoja, kampuni ya JPW Industries ya Marekani, ambayo pia ina jina la Wilton. Powermatic ilikuwa ikitengenezwa McMinnville, Tennessee, na mafundi wa zamani bado wanaikumbuka kwa hilo, lakini siku hizi sehemu kubwa ya mashine za aina hii, za majina mengi tofauti, hutoka Taiwani na China. Grizzly nayo ina kampuni ndugu, Woodstock International, inayouza kwa jina la Shop Fox. Kwa hiyo majina ni mengi kuliko viwanda, na ni kawaida kukuta mashine mbili zenye umbo moja zikiwa na vibandiko tofauti.

Hii haina maana kwamba ni kitu kimoja. Kiwanda kilekile hutengeneza kwa viwango tofauti kulingana na kilichoagizwa: beringi nyingine, mota nyingine, ukaguzi mkali zaidi wa meza kabla ya kufunga boksi. Ila tofauti hizo huzioni kwa kusoma jina. Utaziona kwa kusoma namba ya modeli na kujua nini cha kutazama. Mfano mzuri uko ndani ya Grizzly yenyewe. Miongoni mwa jointa za inchi 8 ilizowahi kuuza kuna G0656 na G0490, na ukizitazama kwa haraka ni pacha. Lakini meza za ya kwanza huteleza kwenye reli za mkia wa njiwa, za ya pili hubebwa na mfumo wa msambamba. Mtu akikuambia “nunua Grizzly” au “usinunue Grizzly” bila kutaja modeli, hajakusaidia chochote. Basi acha kulinganisha majina, tulinganishe sehemu.

Anza na meza, kwa sababu jointa ni meza mbili na ngoma ya visu, yaani mhimili wa chuma unaozunguka ukiwa na visu, katikati. Vingine vyote vipo kwa ajili ya hizo. Meza ya kuingizia inakaa chini kidogo, kwa kina unachotaka kukata. Meza ya kupokelea inalingana na ncha ya kisu kinapofika juu kabisa. Ubao utanyooka ikiwa tu meza hizo mbili zinakwenda sambamba, toka mwisho wa moja mpaka mwisho wa nyingine. Moja ikiinama, hata kwa unene wa karatasi chache, ubao wa mita mbili utatoka na tumbo au na bonde, na hakuna ukali wa kisu utakaouokoa.

Hapo ndipo suala la mkia wa njiwa na msambamba linapoingia. Kwenye mkia wa njiwa, meza inapanda na kushuka kwenye mteremko uliochongwa ndani ya mwili wa mashine. Ni mfumo wa zamani, mgumu, na ukichongwa vizuri hukaa miongo. Tatizo lake ni marekebisho. Meza ikitoka kiwandani imeinama, au reli zikilika, dawa ni kuchomeka vipande vyembamba vya bati kwenye reli, kukaza, kupima, kufungua tena, kuongeza au kupunguza bati. Ni kazi ya siku nzima kwa mtu mwenye subira, na wengi hawaimalizi. Kwenye msambamba, meza inabebwa na pini nne zenye vikombe visivyo na kitovu katikati, na kila kona unaweza kuirekebisha kwa kuzungusha kikombe chake kwa ufunguo. Faida nyingine ni kwamba meza ikipandishwa au kushushwa, umbali kati ya mdomo wake na ngoma haubadiliki sana, wakati kwenye mkia wa njiwa pengo hilo hufunguka kadiri unavyoshusha.

Je, kwa sababu hiyo mkia wa njiwa ni mbaya? Hapana. Kama unaweza kuipima mashine yenyewe kabla ya kulipa na ukakuta meza ziko sawa, mkia wa njiwa ulio sawa leo kuna uwezekano mkubwa utabaki sawa, maana meza ya kupokelea haiguswi mara kwa mara. Lakini kama unaagiza kwa picha na mashine itasafirishwa mbali, nunua msambamba. Safari ndefu na mikono ya wapakuaji huziyumbisha meza, na wewe ndiye utakayebaki nazo. Hii ndiyo tofauti ya bei ambayo mimi naiona ni halali kabisa kuilipia.

Urefu wa meza ni jambo la pili, na kwako ni kubwa kwa sababu ya milango. Kanuni ya mafundi ni kwamba jointa inanyoosha vizuri ubao wenye urefu hadi mara mbili ya meza zake zote kwa pamoja. G0490 ina meza za inchi 76, karibu sentimita 193. Powermatic ya inchi 8, PJ-882, ina inchi 82, karibu sentimita 208. Hammer A3-31 ina kama sentimita 140. Kwa hesabu, zote zinaumudu mhimili wa mlango, ule ubao mrefu wa wima wa pembeni, wa mita 2.1. Kwa mikono, hadithi ni nyingine. Unapoanza kusukuma mhimili huo kwenye meza fupi, zaidi ya nusu yake inaning’inia nyuma hewani, na mkono unaotakiwa kuutuliza ubao juu ya meza unageuka kuwa mkono wa kuubeba. Mtu mwenye msaidizi haoni shida. Wewe uko peke yako, kwa hiyo ama uchukue meza ndefu, ama ukubali kuongeza vipande vya kurefushia meza au kuweka stendi za rola mbele na nyuma, zilizopimwa vizuri zilingane na meza.

Sasa upana. Hapa Hammer inajitenga na wenzake, kwa sababu A3-31 inakata milimita 310, zaidi ya inchi 12. Tena si jointa pekee: unainua meza, unageuza kifuniko cha vumbi, na mashine inakuwa thiknesa ya upana uleule. Imetoka kwa Felder wa Austria, na bei yake imebeba mashine mbili. Wewe thiknesa unayo. Kwa hiyo swali lako la kweli ni moja: je, mbao zako za meza mara nyingi zinazidi inchi 8? Kama unanunua mbao pana na unapenda uso wa meza uwe na vipande vichache, upana wa inchi 12 utakufurahisha kila siku, na unaweza kuiuza thiknesa uliyonayo kufidia gharama. Kama mbao zako ni za inchi 6 au 7 unazogundisha ubavu kwa ubavu, basi unalipia upana utakaoutumia mara moja moja, na papo hapo unapoteza zaidi ya nusu mita ya urefu kwenye milango. Ubao mpana unaojitokeza kwa nadra unaweza kuupitisha kwenye thiknesa yako ukiwa umelazwa juu ya kitako kilichonyooka cha plaiwudi, umewekewa kabari chini ya sehemu zinazopepea ili rola zisiubonyeze. Inachukua muda, ila inanyoosha.

Jambo moja zaidi kuhusu hii ya Ulaya, maana watu huligundua baada ya kununua: jointa nyingi za mtindo wa Marekani zina ukingo pembeni mwa meza wa kukatia hatua kwenye ubavu wa ubao. Za Ulaya kwa kawaida hazina. Kinga ya visu nayo ni tofauti. Ya Marekani ni bapa la chuma linalosukumwa pembeni na ubao kisha hurudishwa na springi. Ya Ulaya ni daraja la alumini linalopita juu ya ngoma, ubao ukipita chini yake au kando yake. Mimi naliamini zaidi daraja, kwa sababu linaendelea kufunika visu hata ubao unapokuwa katikati ya safari. Lakini linahitaji uzoee kuhamisha mikono juu yake badala ya kukokota moja kwa moja. Pia ngoma ya mashine iliyotengenezwa kwa viwango vya Ulaya inatakiwa isimame ndani ya sekunde 10 baada ya kuzimwa. Nyingine zinaweza kuzunguka kwa muda mrefu zaidi ya huo, na kisu kinachozunguka bila sauti ya mota ni hatari inayosahaulika haraka.

Ngoma ya visu ndiyo inayouza mashine siku hizi, na ndiyo inayoongeza bei kuliko kitu kingine. Chaguo ni visu virefu vilivyonyooka, kwa kawaida vitatu, au ngoma iliyopangwa vipande vidogo vya kabaidi, metali ngumu sana ya kukatia, vyenye pembe nne. Kila muuzaji atakuambia kabaidi ni bora. Kwa sehemu kubwa yuko sahihi. Kelele hupungua sana, mbao zenye nyuzi zilizopindana hazichaniki ovyo, na kipande kikigonga msumari unalegeza skrubu, unakizungusha kwenye pembe nyingine, unaendelea na kazi. Kwa visu virefu, pengo la msumari huacha mstari ulioinuka kwenye kila ubao mpaka unoe au usogeze kisu kimoja pembeni kidogo.

Ila kuna mambo hayasemwi dukani. Tazama vipande vyenyewe vimekaaje. Kwenye ngoma kama Byrd Shelix, inayotengenezwa Kentucky, makali ya kila kipande yamelazwa kwa pembe kuelekea ubao unaoingia, hivyo yanakata kwa kuteleza. Kwenye baadhi ya ngoma za bei nafuu, vipande vimepangwa kwa mstari wa kuzunguka kama parafujo, lakini makali ya kila kimoja yanaukabili ubao moja kwa moja. Kwa mbali zinafanana na zote huitwa jina lilelile. Ya pili bado ina faida ya kuzungusha vipande na kelele ndogo, ila kwenye mbao ngumu zenye nyuzi za kupishana utaona tofauti. Omba picha ya karibu ya ngoma. Mpango wa safu za vipande usikushughulishe. Tazama ncha ya kipande kimoja imeelekea wapi. Uliza pia kipimo cha kipande. Kama ni saizi inayopatikana kwa watengenezaji wengi, mathalani milimita 15 kwa 15 kwa unene wa 2.5, hutakuwa mateka wa muuzaji mmoja. Kama ni umbo la pekee la kampuni ile tu, hesabu bei ya seti nzima kabla ya kulipa mashine.

Na unapozungusha vipande, futa kitako cha kila kimoja mpaka kiwe safi kabisa. Punje ya vumbi la mbao iliyobaki chini yake huinua kona moja, ukikaza skrubu kabaidi inapasuka, au kipande kinakaa juu kuliko wenzake na kuacha mchirizi ubao mzima. Makosa mengi yanayosingiziwa ngoma mbovu ni vitako vichafu.

Ushauri wangu hapa unaweza kukushangaza: pesa ikiwa haitoshi kwa vyote viwili, chukua meza nzuri yenye visu vya kawaida, uache meza ya wasiwasi yenye ngoma ya kabaidi. Ngoma unaweza kuja kuibadilisha. Kuna ngoma za kabaidi zinazouzwa peke yake kwa modeli nyingi maarufu, na kazi ya kuifunga ni beringi mbili, puli na mkanda. Meza fupi au iliyoinama utakaa nayo maisha ya mashine. Visu vya kawaida vilivyonolewa vizuri, kwenye mbao zenye nyuzi zilizonyooka, vinaacha uso laini kuliko kabaidi, inayoacha mawimbi madogo yanayohitaji msasa.

Egemeo la pembeni, ule ukuta wa chuma unaouegemezea ubao, hudharauliwa. Lisogeze mbele na nyuma, likaze, pima pembe mraba kwa skwea karibu na ngoma, kisha mwisho wa meza ya kuingizia, kisha mwisho wa kupokelea. Likionyesha nyuzi 90 katikati na kuachia mwanga mwishoni, limejisokota, na ubavu wa ubao wako utajisokota nalo. Lipeleke nyuzi 45 na ulirudishe kwenye kizuizi chake, uone kama linarudi palepale. Egemeo jepesi la alumini si kosa kwa lenyewe, ila ligandamize kwa kiganja: likicheza, hapana.

Mota za kundi hili la inchi 8 huwa nguvu farasi 2 hadi 3, na zote zinatosha kama unakata kina cha milimita moja hadi moja na nusu kwa kila pito. Kinachohitaji macho zaidi ni umeme wenyewe. Grizzly hasa huuzia soko la Marekani, ambako umeme una mzunguko wa hezi 60. Ukiifunga mota hiyo mahali penye hezi 50, itazunguka pungufu kwa karibu asilimia 17, ngoma itapiga visu vichache kwa kila sentimita ya ubao, na mota inaweza kupata joto kuliko ilivyokusudiwa. Transfoma hubadilisha volti tu, haibadilishi hezi. Soma kibati cha mota, si tangazo. Angalia pia kama ni ya fezi moja au tatu. Karakana yenye fezi moja ikiletewa mota ya fezi tatu itahitaji kifaa cha kugeuzia umeme, na hiyo ni gharama isiyoandikwa popote.

Vumbi nalipita haraka: tundu la milimita 100 na kifyonzi kinachovuta mita za ujazo kama 10 kwa dakika. Vumbi la mbao limewekwa na shirika la utafiti wa saratani la IARC katika kundi la visababishi vilivyothibitishwa, kwa hiyo kifyonzi kiingie kwenye bajeti ya mashine tangu mwanzo.

Basi nikirudi kwenye nne zako. Kati ya Jet na Powermatic, usilipie tofauti ya bei kwa sababu ya jina, maana nyumba ni moja. Ilipie tu pale ambapo modeli ya Powermatic unayoitazama ina meza ndefu zaidi na msambamba, na ile ya Jet haina. Grizzly yenye msambamba inakupa vitu hivyohivyo kwa uangalifu mdogo wa kumalizia, yaani rangi, vishikio, pengine egemeo linalohitaji kurekebishwa siku ya kwanza, na mimi ningeikubali bila wasiwasi kama umeme wako unaafikiana nayo na vipuri vinakufikia. Hammer ningeichagua kwa fundi wa mbao pana asiye na thiknesa, au asiye na nafasi ya mashine mbili. Kwa maelezo yako, milango mirefu, mikono miwili na thiknesa ambayo ipo, mimi ningechukua jointa ya inchi 8 yenye meza za karibu mita mbili na msambamba, kati ya hizo tatu za mtindo wa Marekani, ile ambayo muuzaji wake ana vipuri stoo.

Na hilo la vipuri lithibitishe kabla ya kulipa. Mpigie muuzaji, jifanye tayari ni mteja, ulizia mkanda, swichi, na kishikio cha kinga cha modeli hiyohiyo. Majibu yake yatakupa picha ya dhamana yake kuliko karatasi ya dhamana yenyewe.

Mashine ikifika, andaa watu na vifaa vya kuishushia, maana kundi hili lina uzito wa karibu kilo 200 au zaidi. Isishikwe wala kuinuliwa kwa ncha za meza. Hapo ndipo zinapoinamishwa. Isawazishe sakafuni ikae kwa miguu yote, kisha pima kabla hujakata hata ubao mmoja. Chomoa umeme, pandisha meza ya kuingizia ilingane na ya kupokelea, laza rula ya chuma iliyonyooka ikipita juu ya zote mbili, na upitishe fila geji, yaani majani membamba ya chuma ya kupimia pengo, chini yake: kushoto, katikati, kulia, kisha kwa mshazari kona hadi kona. Jani la milimita 0.1 likipita mwisho wa meza, rekebisha. Likipita na marekebisho hayasaidii, rudisha.

Baada ya hapo weka meza ya kupokelea ilingane na visu, chukua mbao mbili za urefu wa mita moja na nusu, randa ubavu mmoja wa kila moja, kisha uzisimamishe ubavu kwa ubavu mbele ya mwanga. Kosa lolote litaonekana mara mbili ya ukubwa wake. Mwanga ukipita katikati au kwenye ncha, rudia kwanza kupima kimo cha meza ya kupokelea, maana ikiwa chini ya visu itauma mwisho wa ubao, na ikiwa juu ubao utagonga mdomo wake au utatoka mwembamba upande mmoja. Kimo kikiwa sawa na mwanga bado unapita, kosa liko kwenye usambamba wa meza, na hapo ndipo vile vikombe vinne vya msambamba vitakapoanza kurudisha pesa yako. Fanya vipimo hivi vyote ndani ya siku ambazo muuzaji anakubali kurudishiwa mashine, na piga picha ya kila kipimo fila geji ikiwa mahali pake.